Likizo Isiyo na Tarehe

Mwezi wa Septemba, Sinyora Ivana, mwenye duka la mkate, alipobandika karatasi ya likizo kwenye mlango wa jokofu, watu wake wawili wa tanuri walijua la kufanya: andika jina, andika tarehe, nyamaza. Nives Traverso aliandika jina lake kwa mwandiko mzuri. Kwenye nafasi ya tarehe akaandika: Upepo ukija.

Sinyora Ivana alisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akasoma tena, labda kosa lilikuwa la kioo.

"Nives."

"Naam, sinyora."

"Hii nini?"

"Likizo yangu."

"Nimeomba tarehe, wewe umeniandikia shairi."

"Sinyora, upepo ungekuwa na kalenda ningekuandikia mpaka dakika."

"Watu wa Voltri hawali upepo. Wanakula fokacha. Na fokacha saa kumi na mbili asubuhi isipokuwepo kwenye kaunta, wananila mimi."

Hapo alisema kweli. Mkate ule bapa, wenye mafuta na chumvi ya mawe, watu wa Voltri, mtaa wa pwani, huuchovya kwenye kahawa ya maziwa kabla hata hawajasalimiana, na mgeni akiwacheka wanamnunia mpaka Pasaka. Tanuri lilikuwa na mikono ya watu wawili tu: Nives na fundi Gualtiero. Mmoja akikosekana, mwingine anatosha kwa shida. Wakikosekana wote wawili, afadhali mtaa ukose maji.

Lakini Nives hakuandika mzaha. Tatizo lake lilikuwa goti, na goti lenyewe halikuwa lake.

Lilikuwa la baba yake, mzee Baciccia, mchukuzi mstaafu wa bandarini mwenye miaka sitini na mitatu. Mzee huyu ndiye aliyempandisha binti yake kwenye ubao wa kupandia mawimbi akiwa na miaka tisa, akamsukuma kwenye wimbi la kwanza na kumwambia, "Ukianguka, anguka kama mtu wa heshima." Alikuwa amepanda mawimbi yote ya pwani yao, hata yale madogo ambayo bata huyaonea aibu. Isipokuwa sehemu moja. Kule Sardinia, upande wa magharibi, kuna Rasi ambako upepo wa Maestrale ukishuka kutoka Ufaransa huinua mawimbi ya kweli, marefu, yenye mgongo. Miaka thelathini mzee Baciccia alikuwa akisema, "Rasi? Mwakani." Sasa daktari alikuwa amempa siku: tarehe ishirini na sita Novemba, goti la kulia linatolewa, linawekwa la chuma. Na goti jipya, alisema daktari, litamfaa kwa ngazi, kwa matembezi, hata kwa kucheza muziki wa polepole na mjane. Ubao, asahau.

Kwa hiyo mwakani ilikuwa imekwisha. Zilibaki wiki kumi.

Utasema, si wangeenda Agosti, nchi nzima ikiwa likizo? Walikwenda. Walikwenda Agosti tatu mfululizo, kwa sababu duka hufungwa Agosti, na mtu wa huku ukimwambia kuna likizo miezi mingine anakutazama kama umemwambia kuna Krismasi mbili. Waliburuta mbao zao mpaka melini, wakaburuta mpaka Rasi, wakakuta bahari imelala kama sinia. Mwaka wa pili, sinia. Mwaka wa tatu, kuku wa mwenyeji wao walikuwa wanapata mawimbi makubwa zaidi kwenye beseni lao la maji. Voltri nzima ikawabatiza Wasafirisha Mbao. Kumbe Maestrale wenye nguvu hauna habari na likizo za watu. Wenyewe huja vuli na baridi, siku mbili, tatu, halafu umekwenda. Anayeutaka lazima awe na begi mlangoni, na mwajiri mwenye moyo.

Begi lilikuwepo. Nives akaanza kazi ya moyo.

"Gualtiero akikubali kushika tanuri peke yake," Sinyora Ivana alisema baada ya siku nne za kuombwa, "uende. Lakini anikubalie kwa mdomo wake, kila mara. Sitaki kuambiwa alisema."

Gualtiero alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye mikono kama makasia, na kila Oktoba alikuwa akifiwa. Mwaka juzi shangazi. Mwaka jana shangazi wawili, na mjomba wa kuongezea. Nives alimkuta akikunja donge la unga.

"Fundi, mwaka huu anakufa nani?"

Mikono ikasimama. "Unasema nini?"

"Nauliza nijiandae. Mvua ikinyesha vizuri, baada ya siku kumi unafiwa. Halafu unarudi kutoka mazishini kucha zimejaa udongo na begi linanukia uyoga."

Gualtiero akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Ivana anajua?"

"Ivana anajua tangu shangazi wa kwanza. Anakuonea huruma tu. Sikiliza. Wewe uyoga wako hauna tarehe, mimi upepo wangu hauna tarehe. Uyoga ukikuita, nashika tanuri, na hakuna shangazi anayehitaji kufa. Upepo ukiniita, unashika wewe."

"Na vikigongana?"

"Havitagongana."

Kauli kama hiyo inafaa iandikwe kwenye jiwe la kaburi. Lakini wakapeana mikono, unga mpaka kwenye viwiko, na Sinyora Ivana akaupokea mkataba kwa kuguna.

Upepo wa kwanza ulikuja katikati ya Oktoba. Antioco, mwenyeji wao wa Rasi, alipiga simu. Huyu ni Msardinia anayetumia maneno kama yanatozwa kodi. "Unaingia kesho," alisema, akakata. Gualtiero alikubali, Sinyora Ivana alikubali, feri ilikuwa na nafasi. Nives akakimbia nyumbani, akamkuta baba yake akipaka mafuta matufe yake ya chuma ya kuchezea uwanjani.

"Baba, simama. Meli saa moja jioni."

"Leo? Leo haiwezekani, mwanangu. Kesho nusu fainali, tunacheza na mtaa wa Pegli."

"Pegli wapo tangu Kolumbasi, baba. Upepo unaondoka Jumapili."

"Wiki ijayo utakuja mwingine."

"Nani kakwambia?"

"Nahisi kwenye goti."

Hawakwenda. Nusu fainali ilichezwa, Pegli wakashinda, na Nives hakusema na baba yake siku mbili, jambo ambalo kwa mdomo wake lilikuwa kama kufunga Kwaresima nzima. Siku ya tatu alimwekea supu mezani na kumwambia taratibu, "Baba, upepo ujao utakwenda. Hata nikuvingirishe kama pipa." Mzee alikula supu bila kuinua macho. Hakusema mwakani.

Ikaja mvua. Ikanyesha siku tano, ikakatika, jua likatoka, na tarehe sita Novemba, Alhamisi, Gualtiero akaenda zake msituni, Alhamisi na Ijumaa, kwa makubaliano na bila msiba. Usiku angelala hukohuko milimani kwa shemeji yake. Simu yake ilikuwa imezimwa, maana mwokota uyoga wa kweli hazimi simu kwa kuogopa chaji. Anaizima kwa kuogopa kuulizwa yuko wapi.

Saa nne asubuhi simu ya Nives ikalia mfukoni, mikono yake ikiwa kwenye mafuta.

"Unaingia leo jioni," alisema Antioco. "Kesho mkubwa. Jumamosi adhuhuri umekwisha." Kisha, ajabu ya maajabu, akaongeza: "Baada ya huu, naona ukungu tu. Wiki tatu." Akakata.

Wiki tatu ingekuwa ishirini na saba Novemba. Goti lilikuwa la ishirini na sita.

Sinyora Ivana alimsikiliza akiwa anakata fokacha kwa mteja. "Gualtiero yuko wapi?"

"Msituni."

"Basi wewe uko wapi kesho?"

"Sinyora…"

"Nives, sikuchukii. Nakupenda kuliko mpwa wangu, na mpwa wangu ni padri. Ila kesho Ijumaa, na tanuri haliwashwi na mapenzi. Nipigie nimsikie Gualtiero kwa mdomo wake, uende. Usipompata, saa kumi alfajiri nakuona hapa."

Nives alitoa trei ya mwisho saa sita kamili. Meli ilikuwa saa moja jioni. Alifunga mbao juu ya gari, akatupa mabegi na suti za mpira nyuma, akampigia honi baba yake. Mzee Baciccia alishuka ngazi moja moja.

"Tunakwenda bandarini?"

"Tunakwenda milimani."

"Na mbao?"

"Maji ukiyavulia nguo, baba. Panda."

Gualtiero hakuwahi kumwambia mtu yeyote uyoga wake uko wapi, hata mkewe, ambaye alikuwa amejaribu kumlewesha mara mbili. Lakini shemeji yake alikuwa anakaa karibu na Sassello, na barabara inayopanda kule ni moja. Baada ya dakika hamsini waliikuta gari yake ndogo nyekundu imeegeshwa chini ya miti ya misonobari, upande wa kushoto wa barabara. Njia ya miguu ilikuwa wazi, inapanda kushoto, ina alama nzuri za buti.

Nives akafungua mlango. Baba yake akamshika mkono.

"Sisi tukienda kwenye wimbi zuri, gari huwa tunaiacha wapi?"

"Mbali. Upande wa pili wa… " Akageuka kutazama kulia, ambako hapakuwa na njia, ni mteremko tu wa miti ya michesti na majani yaliyolowa. "Mwongo mkubwa huyu."

"Ndivyo alivyolelewa. Kaegesha kushoto, kakanyaga tope kushoto ili uone, kisha kavuka barabara."

"Kaa garini, baba. Goti."

Akateremka. Michesti ilikuwa mirefu, majani yanateleza kama sabuni, na maganda ya matunda yake yenye miiba yanaingia mpaka ndani ya soksi. Aliita, "Gualtiero! Fundi!" Kimya. Bila shaka kimya. Mwokota uyoga akiitwa msituni hajibu. Anaweza kuchuchumaa nyuma ya mti umpite kwa hatua tatu, hajibu. Akijibu, ametangaza mali yake kwa ulimwengu. Nives aliita kwa upole. Aliita kwa kilio. Alisema kuna moto dukani. Ndege mmoja tu ndiye aliyejali.

Saa tisa ikapita. Akasimama juu ya jiwe, akafikiri, akajaza mapafu.

"Gualtiero! Sinyora Ivana kasema fokacha yako ya jana ilikuwa kama soli ya kiatu!"

Kimya. Lakini kimya cha aina nyingine.

"Kavu! Wateja wameirudisha! Mwenye duka la dawa kavunja jino!"

Tawi likavunjika, chini kidogo, kulia.

"Wakasema afadhali ile ya Pegli!"

"Nani kasema!" Kichaka kikapasuka, na fundi Gualtiero akatokea mzima mzima, uso mwekundu, kapu mkononi. "Nani kasema Pegli? Mtaje! Pegli wanatia mafuta kama wanampaka mgonjwa paji la… " Akamwona ni nani, akaona mahali aliposimama, akatazama nyuma yake ambako uyoga ulikuwa umekaa chini ya michesti, vichwa vya kahawia, vinene kama maaskofu. Sauti ikaisha. "Nives. Umeniua."

"Fundi, upepo umekuja."

"Umekanyaga mmoja."

Nives akatoa mguu. "Kesho nahitaji tanuri. Baada ya huu hakuna mwingine mpaka hospitali."

"Kesho! Kesho ndiyo siku yenyewe! Angalia hawa wadogo, leo wamechungulia tu, kesho…" Akaweka kapu chini kwa uchungu kama mtu anayelaza mtoto. "Si ulisema havitagongana?"

"Nilidanganya. Sikujua kama nadanganya."

"Siwezi, Nives. Mwaka mzima nakanda nikiufikiria mteremko huu. Mwombe Ivana. Mwombe mpwa wake padri."

Hapo majani yakachakacha juu yao. Mzee Baciccia alikuwa anateremka, matako chini, mguu wa kulia umenyooka mbele kama mlingoti, anajisukuma kwa mikono miwili. Suruali ilikuwa imekwisha. Alipowafikia alikaa palepale kwenye majani, jasho linamdondoka puani.

"We mzee una wazimu?" Gualtiero akamkimbilia. "Na goti hilo?"

"Niliambiwa nikae garini. Nimekaa." Akapumua. "Gualtiero, usimlaumu mtoto. Wa kulaumiwa mimi. Oktoba upepo ulikuja, wewe ulikubali, nikaleta habari za Pegli."

"Baba, hakuna haja."

"Ipo. Nilikuwa naogopa." Alisema akilitazama goti lake, si wao. "Miaka thelathini nasema mwakani. Usipokwenda upepo ukiwepo, Rasi inabaki yako, unaipanda kila usiku kitandani, huanguki hata mara moja. Ukienda, waweza kukuta husimami. Leo nimekaa garini, nimesikia huyu anakuita, anaita, sauti inakauka. Nikasema, Baciccia, binti anapigana na msitu kwa ajili yako, wewe unashika mkanda wa gari." Akajifuta uso kwa mkono wenye tope. "Nisiposimama, basi nisisimame. Lakini iwe kule, majini. Nisaidie niende nikaanguke."

Gualtiero alitazama uyoga wake. Aliutazama muda mrefu, mmoja mmoja, kama anayeagana na ukoo bandarini.

"Wiki ya Krismasi," alisema mwishowe, "keki zote za zabibu unakanda wewe. Zote. Mimi nitakaa kwenye kiti nakosoa."

"Zote."

"Na nikimwona mtu wa Voltri chini ya michesti hii, hata kwa bahati mbaya, hata amepotea, nachukua msumeno naukata ubao wako vipande viwili."

"Vitatu."

"Tutoke basi, kabla sijapata akili." Akamwinua mzee Baciccia, akamweka mgongoni kama gunia la unga, akaanza kupanda. Nives alibeba kapu, akitazama miguu yake tu, asije akajua njia.

Juu barabarani simu zilishika mtandao. Gualtiero alisimama wima kumsikiliza mwajiri, kofia mkononi.

"Ndiyo, sinyora. Mimi mwenyewe. Kwa mdomo wangu… Hapana, hajafa mtu… Kuhusu ile ya jana, sinyora, kavu kwa maana gani?" Akasikiliza. Akageuka polepole kumtazama Nives, ambaye tayari alikuwa amewasha gari.

Meli waliipata zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili, mzee Baciccia akiwa na suruali iliyopasuka mpaka mahali pasipotajwa, na kijana wa kukagua tiketi akawaambia bahari itakuwa mbaya. "Mungu akusikie," alisema Nives.

Ijumaa adhuhuri walikuwa Rasi. Antioco aliwasubiri juu ya jabali, mikono mfukoni, akaelekeza kidevu baharini. Hakuna cha kuongeza. Maestrale ulikuwa umepiga usiku kucha na mawimbi yalikuwa yanaingia kwa safu, ya kijani kibichi, yanapinda kando ya mwamba na kukimbia, kukimbia, mpaka mtu alichoka kuyafuata kwa macho. Baba na binti walivaa suti zao. Nives alimfunga baba yake goti kwa bendeji, mzunguko juu ya mzunguko, akakaza.

Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Walipiga kasia kwa mikono kupitia mkondo wa pembeni mpaka nyuma ya mapovu, wakakaa juu ya mbao zao. Wimbi la kwanza likaja. Mzee Baciccia akaliacha lipite. La pili. La tatu lilikuwa zuri hata Nives akameza mate.

"Baba."

"Naangalia."

"Baba, nimekuleta mpaka hapa. Kipande kilichobaki si changu."

Mzee aliangalia magharibi, akageuza ubao, akalala juu yake. Wimbi lilimwinua kwa nyuma, akapiga mikono mara tatu, nne, akaweka goti la kushoto, akaweka mguu, akajikokota na ule wa kulia ukiwa umekunjika nusu, haushuki wala haunyooki. Na kwa mkao huohuo, kama mtu anayetaka kukaa kwenye kiti kisichokuwepo, akateremka, akashika ukuta wa wimbi, akaenda. Alipita mwamba. Alipita jabali la Antioco. Nives alinyanyuka juu ya ubao akipiga kelele ambazo hata yeye hakuzielewa, mpaka kichwa cheupe kikazama mbali kule karibu na ufuko, kikaibuka.

Ilimchukua robo saa kurudi. Uso ulikuwa umepauka, midomo ya buluu.

"Vipi goti?"

"Limesikia."

"Linasemaje?"

"Linatukana. Matusi ya bandarini."

"Tutoke, baba?"

Nyuma yake safu nyingine ilikuwa inainuka, pana kuliko ya kwanza. Mzee Baciccia aligeuza ubao.

"Linatukana, halijaacha kazi," alisema. "Sogea, unanizibia."